Sabyasachi na Rahul Mishra: urithi mmoja, mikasi miwili

Mbunifu wa mavazi Sabyasachi Mukherjee, aliyeanzisha chapa yake jijini Kolkata mwaka 1999, huutendea urithi wa India kama amana: lehenga zake (sketi ndefu pana) za maharusi, nyekundu iliyokolea na nzito kwa darizi za zari, yaani nyuzi za dhahabu au fedha, hulinda umbo la kale, na usasa huonekana zaidi katika namna zinavyovaliwa na kuuzwa. Mbunifu mwenzake Rahul Mishra, Mhindi wa kwanza kushinda Tuzo ya Kimataifa ya Woolmark ya ubunifu wa mavazi ya sufu (2014), huuchukua ufundi uleule wa kudarizi kwa mkono na kuupeleka kwenye magauni ya majukwaa ya Paris, ambako maua huinuka juu ya kitambaa kana kwamba yamechipua hapo. Kwa harusi ningemchagua Sabyasachi. Kwa uthubutu, Mishra amemtangulia.