Mswaki na dawa ya meno ya mtoto: tununue ipi hapa Goma?

Mtoto ukimpeleka soko la Virunga kununua dawa ya meno, atang'ang'ania ile yenye katuni. Mwachie achague rangi ya mswaki, maana mswaki alioupenda mwenyewe hatakusumbua nao asubuhi. Dawa ichague wewe, na uangalie namba iliyoandikwa kwenye tubu.

Chaguo la kwanza kwangu ni mswaki wa mtoto wenye nyuzi laini, pamoja na dawa ya familia yenye floridi, madini yanayokinga meno yasitoboke. Ndiyo, ile ile mnayotumia wakubwa. Mswaki kila mtu wake, dawa mnagawana. Kichwa cha mswaki kiwe kidogo kama ukucha wa kidole gumba chako, kiweze kufika magego ya nyuma. Mpini uwe mnene kidogo, kwa sababu na wewe utaushika. Pakiti iwe imeandikwa "souple", au "soft" kwa bidhaa zinazoingia kutoka Uganda na Kenya. Miswaki inayotandazwa wazi pale Birere ni ya bei rahisi, lakini hili vumbi letu jeusi linaingia kila mahali. Ongeza franga kidogo upate uliofungwa.

Kwenye tubu tafuta herufi "ppm", ndicho kipimo cha floridi iliyomo. Kati ya 1000 na 1500 ni sawa. Mtoto wa chini ya miaka 3 mpakie kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na tubu abaki nayo mkubwa. Kwa kipimo hicho hata tubu ndogo inakaa sana.

Ya pili ni dawa ya watoto ya farmasi. Inafaa kwa mtoto anayelia kwamba minti inamchoma. Lakini bei iko juu, na utamu wake unamfanya mtoto aimeze kama bonboni. Zingine zina ppm 500 tu, zingine zimeandikwa "sans fluor", yaani bila floridi: umelipia ladha na picha tu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anamjua jirani mwenye meno ya madoa ya kahawia: si floridi hiyo hiyo ndiyo inaharibu meno? Ikizidi, ndiyo. Madoa hayo huanza wakati jino bado linajengeka ndani ya ufizi, kabla ya miaka 8 hivi, na kwetu chanzo chake kikubwa ni maji. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una floridi, na upande wa magharibi wa mlima, ambako upepo huusukuma, mvua hushuka nayo mpaka kwenye matangi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kuchemsha hakuiondoi, klorini pia haiiondoi. Kama nyumbani mnakunywa maji ya mvua ya upande huo, tafutia mtoto mdogo maji mengine ukiweza, na umuulize daktari wa meno. Dawa ya meno usiitupe kwa hofu: punje ya mchele inayotemwa ni kidogo sana, na meno yakishaanza kutoboka, kuyatibu ni ghali kuliko tubu nyingi.

Ya tatu ni mswaki wa mti. Kwa mkubwa anayejua kuutafuna, sawa. Mtoto wa miaka 4 atajichoma ufizi. Wa betri nauweka mwisho kabisa: betri zinaisha, kichwa cha kubadilisha hukipati, na kesho ni kitu cha kuchezea tu. Mkaa na majivu vinakwaruza meno, visiingie kwenye hesabu. Dawa ya kusukutua nayo si ya mtoto wa chini ya miaka 6, ataimeza.

Angalia pia bidhaa za kuigiza. Mwaka 2007 huko Marekani zilikamatwa tubu bandia za Colgate, na zilijulikana kwa maandishi: jina la Afrika Kusini kwa Kiingereza lilikuwa limekosewa herufi. Maandishi yenye makosa, tarehe iliyofutika, tubu isiyo na jina la mtengenezaji: rudisha, hata kama muuzaji ni rafiki.

Ukishanunua, kazi ni yako mama, au yako papa, mpaka mtoto afike miaka 7 au 8. Kabla ya hapo mkono wake haufiki nyuma. Anza jino la kwanza linapotoka, mara mbili kwa siku, dakika mbili. Ya usiku ndiyo usiikose, na baada yake hakuna biskuti wala sukre. Ateme povu bila kusukutua kwa maji, floridi ibaki kwenye meno. Na maji ya bidoni hayaishi haraka. Mswaki ubadilishwe kila miezi 3, au mapema zaidi nyuzi zikitawanyika. Kwa watoto wanaoutafuna, hiyo inakuja haraka, kwa hiyo nunua miwili kwa mara moja.