Meli yetu ya 1959 nimeikuta Kew

Kama wewe au wazazi wako mliingia Uingereza kwa meli kabla ya 1961, nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, kusini-magharibi mwa London. Nimeishi zaidi ya miaka sitini bila kujua kwamba karatasi ya safari yetu ipo, inasomeka, na kwamba ukifika pale unaonyeshwa bure.

Tulisafiri 1959, mimi nikiwa na miaka minane. Tulikuwa baba, mama, dada yangu mkubwa, mimi na mdogo wetu wa miaka minne. Meli ilikuwa ya kampuni ya British India, ikifanya safari za London na Afrika Mashariki, na jina lake lilikuwa Uganda. Jina hilo lilimliza mdogo wangu gatini. Wiki nzima alikuwa akiambiwa tunakwenda Ulaya, sasa anasikia watu wanasema tunapanda Uganda, akadhani wakubwa wamebadilisha safari bila kumwambia. Baba alimbeba mabegani akamwonyesha herufi zilizoandikwa kwenye meli, moja baada ya nyingine, mpaka akanyamaza.

Nilichobaki nacho ni vipande vipande. Harufu ya rangi mbichi na mafuta ya mashine kwenye kijia cha kuelekea chumbani kwetu. Mama amelala akiwa ameupa ukuta uso, na dada ndiye anayetuvisha. Mfereji wa Suez, ambapo meli ilikwenda taratibu mno hata nikamwona ngamia akitupita, na jangwa likiwa huku na huku kana kwamba tumepanda nchi kavu. Port Said wachuuzi walikuja na mashua zao chini ya meli, wakarusha kamba, bidhaa zikapanda kwa kapu na pesa zikashuka kwa kapu lile lile. Mtu wa mazingaombwe alipanda sitahani akatoa kifaranga nyuma ya sikio la dada yangu. Kifaranga hai, kinalia. Nimewasimulia wanangu kisa hicho mara nyingi mno, mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli nilikiona.

Hiyo ndiyo sababu ya kwenda Kew. Nilitaka kitu kimoja ambacho hakikutoka kichwani mwangu.

Orodha za abiria walioingia nchini kwa meli zimehifadhiwa katika fungu liitwalo BT 26, kuanzia 1878 hadi 1960. Waliotoka wako BT 27, kuanzia 1890 hadi 1960. Zimeshapigwa picha, kwa hiyo unazisoma kwenye kompyuta za hapo hapo. Ukitaka makaratasi mengine yenyewe mkononi, utahitaji kadi ya msomaji, na utaingia na penseli tu. Kalamu ya wino inabaki nje. Kituo cha treni cha Kew Gardens ni mwendo mfupi kwa miguu, hata kwa magoti yangu.

Usitafute kwa jina kwanza. Mimi nilipoteza karibu saa nzima hivyo, kwa kuwa aliyenakili majina kwenye faharasa alikuwa ameliandika la kwetu kwa namna ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu angelitambua. Mhudumu, kijana mpole ambaye hakunikatiza hata mara moja, aliniambia niache jina, nitafute meli, bandari na mwaka, kisha nisome kurasa mimi mwenyewe. Ushauri huo peke yake ulitosha kuifanya nauli isiwe bure.

Nikafungua ukurasa mmoja, mwingine, mwingine. Halafu tukatokea. Mistari mitano imefuatana, imepigwa taipu. Baba na kazi yake. Mama, mke wa nyumbani. Sisi watoto watatu na tarehe zetu za kuzaliwa, ya mdogo wangu ikiwa imekosewa siku moja. Anwani ya London ambayo sikuwahi kuisikia, maana tuliihama kabla sijajua kusoma majina ya mitaa. Nilikaa pale nikitazama mistari ile, na yule kijana akaniletea kiti cha pili niwekee mkoba, bila kusema neno.

Lakini kulikuwa na safu moja upande wa kulia, inayouliza nchi ambayo abiria anakusudia kuishi kwa kudumu. Mbele ya majina yetu yote matano imeandikwa Uingereza. Mama alituambia tunakwenda kwa miaka miwili. Aliondoka na ufunguo wa kabati lake la nguo, na mpaka anafariki ufunguo huo ulikuwa kwenye droo ya kitanda chake. Niliumia. Nilidhani baba alijua tangu gatini na hakumwambia.

Ilinibidi nishuke hadi chini ya fomu ndipo nikaona maelezo kwa herufi ndogo: kuishi kwa kudumu maana yake ni kuishi mwaka mmoja au zaidi. Basi yeyote utakayekwenda, soma na yale maandishi ya chini.

Meli yenyewe iliondolewa kwenye njia yetu 1967, ikageuzwa meli ya safari za wanafunzi, na 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falklands. Nimefurahi kujua kwamba ilibeba watoto wengine baada yetu.

Nilichapisha nakala mbili, moja nikampelekea dada yangu. Alipitisha kidole juu ya majina, akasoma ile safu, akashuka mpaka chini. Nikamuuliza habari za kifaranga. Akasema ndiyo, kilikuwa cha njano, na kilimkojolea begani. Kisha akainuka kwenda kuutafuta ule ufunguo.