Spazio Pantani, Cesenatico: mpenzi wa baiskeli usipitilize

Jamani kama uko Italia na unapenda mbio za baiskeli shuka Cesenatico, makumbusho ya Spazio Pantani iko jirani kabisa na stesheni ya treni. Humo kuna baiskeli na jezi za Marco Pantani, yule mwendesha baiskeli mkali wa milimani mwenye kitambaa kichwani na hereni, aliyebeba Giro (mbio kubwa za Italia) na Tour (zile za Ufaransa) mwaka mmoja, 1998! Mi kwenye baiskeli ndo niliganda, fremu ndogo kweli afu unakumbuka alivyochomoka mlima Galibier kwenye Tour hiyo mvua inanyesha akamwacha mpinzani wake Ullrich karibu dakika 9 hadi mwisho wa mbio za siku hiyo, Les Deux Alpes, aisee. Ya 1999, kuondolewa Giro kisa kipimo cha damu, bado inaniuma. Kafariki 2004, miaka 34 tu. Nendeni, na watoto muwabebe.