TAHADHARI: Mnaokwenda York, msinunue "tiketi ya ukuta"

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa mnaopokea wageni kutoka nyumbani, nimeingizwa mjini mchana kweupe.

Mama mkwe alikuja kututembelea, nikataka akaone mji wa kale wa York. Mtandaoni nikakuta ukurasa: ziara ya ukuta wa Kirumi, pauni 18 kwa mtu, mwongozaji yumo. Tulikuwa watano. Jamaa akasema malipo ya kadi yamegoma, nimtumie kwenye akaunti yake (hapo ndipo ningeshtuka). Nikatuma pauni 90. Tukutane Bootham Bar, lango la kale la mji, saa nne asubuhi. Tulisimama mpaka saa tano na nusu, mama mkwe kajitanda kanga juu ya koti, simu haipokelewi, mwisho nikablokiwa.

Mzee mpita njia ndiye aliyetufungua macho: ukuta ule hauna tiketi. Unapanda ngazi palepale Bootham Bar na kutembea, kama kilomita 3.4 mzunguko mzima. Tena sehemu kubwa unayoikanyaga si ya Warumi, ni ya karne ya 13 na 14. Kazi ya Warumi ikaoneni kwenye mnara wa Multangular Tower, ndani ya bustani ya Museum Gardens: mawe madogo ya chini ni yao, makubwa ya juu yaliongezwa Zama za Kati. Nako hamlipi kitu. Hata sanamu ya Konstantino, aliyetangazwa kaisari mjini humo mwaka 306, iko nje kando ya kanisa kuu. Tiketi ni ya kuingia York Minster (ndilo hilo kanisa kuu) au mnara wa Clifford's Tower, nayo nunueni mlangoni au kwenye tovuti zao.

Kilichoniuma zaidi: waongozaji wa kujitolea, wanaotembeza wageni bure tangu 1951, huanzia Exhibition Square, hatua chache tu kutoka pale tulipoganda kama nguzo.

Nilipiga 159, namba ya simu ya waliotapeliwa, nikaunganishwa na benki. Tangu Oktoba 2024 benki zinatakiwa kumrejeshea aliyetapeliwa kwa njia hii, ila zinaruhusiwa kukata hadi pauni 100 za mwanzo. Zangu 90 zikaishia humo. Sidhani bei ile ilipangwa kwa bahati.

Ukurasa umeshabadili jina, picha ni ileile: ukuta na maua ya manjano chini yake. Mkiuona, ripotini.