Kamera ya mtego kwenye viota vya Bwawa la Mtera

Kamera hii, ambayo hufungwa kwa mkanda na kupiga picha yenyewe, tuliielekeza kwenye viota vya yangeyange na mnandi juu ya miti mikavu iliyosimama ndani ya Bwawa la Mtera, mahali ambapo mtumbwi ukikaribia, wazazi huruka na kuyaacha mayai na makinda juani. Kwa sababu hiyo pekee, naithamini sana.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kihisi, ambacho hutegemea tofauti ya joto kati ya kiumbe na mazingira yake. Jua la saa nane mchana linapoyapasha magogo hadi kukaribia joto la mwili wa ndege, takriban nyuzi 40, kamera hukaa kimya huku mzazi akitua mbele yake, ilhali matawi yaliyopashwa na jua yakitikiswa na upepo huijaza kadi picha zisizo na ndege. Tuliiweka ipige kila baada ya dakika 5, na hapo ndipo tulipomwona mzazi akisimama mabawa nusu wazi, akiwakinga makinda na jua, kinywa wazi na koo likitetemeka kwa joto.

Usiku, mwanga wake wa infraredi wa nanomita 940 (urefu wa wimbi la mwanga) hauonekani kwa macho, jambo ninalolisifu, ingawa picha hufifia kuliko zile za kamera zenye mwanga wa nanomita 850. Mpira wa mfuniko wa betri ni mwembamba mno kwa mvua za Januari. Anayeinunua aongeze mwingine, na achague betri za lithiamu.