Kiyoyozi cha ukubwa gani? Jinsi ya kulinganisha makadirio ya mafundi kwa sebule ya Tabora

Joto la Septemba na Oktoba linapopamba moto mjini Tabora, kabla mvua za Novemba hazijaanza, wenye nyumba huita mafundi wa viyoyozi, na kila fundi huacha karatasi yake ya makadirio. Kwa sebule ileile moja, karatasi ya kwanza inaweza kuandika uwezo wa kupoza wa BTU 12,000, ya pili 18,000 na ya tatu 24,000. Mwenye nyumba asiye na kipimo cha kuzilinganisha ama hutazama bei peke yake, ama huchukua mashine kubwa kuliko zote akiamini kwamba kikubwa hakiwezi kumwangusha. Uamuzi huo wa pili ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu anayeufanya hulipa bei ya juu dukani, kisha huendelea kuulipia kila anaponunua umeme wa LUKU.

Kabla ya kupanga karatasi hizo kwa ubora, hakikisha zote zinatumia kipimo kimoja. BTU kwa saa hueleza kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukiondoa chumbani. BTU 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za kupoza, na kilowati hizo si umeme unaotumika, kwani mashine ya kawaida ya ukubwa huo hutumia takriban kilowati 1.1 za umeme kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza, inapofanya kazi. Fundi akiandika “nguvu farasi moja na nusu” pasipo kutaja BTU, mrudishie karatasi yake aijaze upya.

Tuchukue sebule yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 20. Kadirio la haraka linalotumiwa na mafundi wengi katika nchi za joto ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, nalo linatupa 12,000. Hata hivyo, hesabu hiyo ni mwanzo tu. Bati lisilo na dari chini yake huingiza joto chumbani mchana kutwa. Dirisha kubwa linalotazama magharibi hupokea jua la saa tisa na saa kumi, wakati ambapo kuta za tofali za kuchoma zimekwisha kushiba joto. Na jiko lililo wazi kuelekea sebuleni huongeza mzigo wake wa joto. Kwa upande mwingine, nyumba yenye dari nzuri na mwembe unaotia kivuli upande wa magharibi inaweza kutosheka na mashine ndogo kuliko jirani yake mwenye chumba cha vipimo vilevile. Ndiyo maana fundi aliyetoa ukubwa kwa simu, bila kuja na futi yake na kutazama juu ya dari, simpi nafasi ya kwanza hata akiwa wa bei nafuu.

Kwa sebule hiyo yenye dari, naweka mbele makadirio ya BTU 12,000 ya aina ya inveta. Inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kinapokaribia joto ulilolichagua, badala ya kuizima na kuiwasha tena, na jambo hilo lina faida kubwa Tabora, ambako usiku hupoa na mzigo wa saa nne usiku ni mdogo sana kuliko ule wa alasiri.

Nafasi ya pili ni BTU 18,000 ya inveta, nayo hupanda hadi ya kwanza ikiwa chumba hakina dari au kina vioo vingi upande wa magharibi. Hata hapo, linganisha kwanza nyongeza ya bei ya mashine na gharama ya kuweka dari, kwa kuwa dari hukusaidia hata siku umeme unapokatika.

Ya tatu ni BTU 9,000. Mashine hii inafaa chumba cha kulala cha mita za mraba 12 hadi 15, lakini katika sebule yetu itafanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, na alasiri ya Oktoba itaelemewa. Pangaboi likizungushwa pamoja nayo litapunguza adha hiyo huku likitumia wati chache tu.

Ya mwisho ni BTU 24,000 isiyo ya inveta. Mashine hii hupoza hewa kwa dakika chache, hujizima, kisha huwaka tena punde si punde, na kila inapowaka kompresa huvuta umeme mwingi kwa mara moja, kiasi kwamba nyumba yenye umeme hafifu huona taa zikififia. Katika kiangazi, hewa ya Tabora ni kavu na kasoro nyingine haionekani. Lakini kuanzia Novemba hadi Aprili, mashine inayojizima mapema haipati muda wa kukausha unyevu, na chumba hubaki baridi chenye majimaji na harufu ya uvundo.

Makadirio yanayounganisha mashine ya ndani ya BTU 18,000 na ya nje ya 12,000 siyapi nafasi yoyote, kwa sababu uwezo utabaki kufungwa na mashine ya nje, na gesi haitafanya kazi katika shinikizo lililokusudiwa. Dai namba za modeli zote mbili ziandikwe, na zithibitishwe kwamba zimetengenezwa kufanya kazi pamoja.

Wachache wanaojenga nyumba kubwa na kutaka mashine moja iliyofichwa darini, inayopeleka hewa vyumbani kwa mifereji, wana jambo jingine la kuuliza. Kwa kawaida kila BTU 12,000 huhitaji hewa ya takriban mita za ujazo 680 kwa saa, lakini kiasi hicho huhesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa huo, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, kwa hiyo feni inapaswa kusukuma karibu mita za ujazo 780 ili ibebe joto lilelile. Fundi aliyezoea kazi za Dar es Salaam anaweza kutumia jedwali la pwani bila kulirekebisha. Mwombe aandike kiasi cha hewa cha kila chumba na mwinuko alioutumia, na kama sehemu hiyo ya karatasi ni tupu, usilipe malipo ya awali mpaka ijazwe.