Ngoma za mashine zilizochanganywa na miziki mingine: zangu hizi, sikiliza kwa sabufa

Ntasema mapema ili tusipotezeane bando, zile "afro" za lounji mimi hapana. Unazijua, biti ya house, ule muziki wa mashine wa klabu, ni ileile toka mwanzo mpaka mwisho, juu yake wamekata kipande cha bibi anaimba kijijini sijui wapi, kinajirudia dakika saba, na jina la bibi hulioni popote. Hapo hakuna kilichochanganyika. Ngoma ninazozitaja hapa ni zile ambazo ule muziki mwingine ndo bosi na mashine inaufuata, yaani ukizima mashine bado unabaki na wimbo.

Naanzia Dar maana huku ndo kuna vitu. Kabla singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, haijafika redioni kulikuwa na mchiriku, na kama umekulia uswahilini huna haja ya maelezo: kinanda kidogo cha Casio cha kuchezea watoto, kimechomekwa kwenye amplifaya kuukuu mpaka sauti inakwaruza, ngoma zinapigwa za fujo zenye mzizi wa Kizaramo, jamaa kashika maiki anaimba maisha magumu na mapenzi yaliyovunjika mpaka kunakucha. Kundi la Jagwa Music walitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs, na ndo rekodi ya mchiriku ambayo ukimpa mgeni aisikilize hutaona aibu, saundi iko wazi ila ule mkwaruzo hawajausafisha. Kuna atakayeniambia hiyo sio elektroniki kwa sababu hamna kompyuta. Sasa kaka, kinanda cha betri kimeteswa mpaka kinalia, unataka umeme gani tena? Isikilize albamu nzima, usiruke ruke, mchiriku unakolea kadri unavyoendelea.

Afu unavuka hapo unaingia singeli. Wazungu wengi waliijua singeli mwaka 2017 kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotoka kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ngoma zikiwa zimetengenezwa studio ya Sisso kule Mburahati, sisi tulikuwa tunazisikia kwenye vigodoro, zile pati za mtaani za usiku kucha, siku nyingi tu. Ila ngoma yangu ya kwanza kukupa ni "Biti Three" ya prodyuza Bamba Pana, iko kwenye albamu ya Poaa ya 2018. House ya kawaida inatembea kwenye mapigo kama 120 na kitu kwa dakika, singeli inaanzia 200 na inaweza kupanda mpaka karibu 300, kwa hiyo usije ukaicheza kwenye spika ya simu ukaniambia cherehani imeharibika. Weka sabufa. Sikiliza kile kipande cha kinanda, kifupi, kimekatwa na kurudiwa mpaka kimekuwa ngoma chenyewe, sikio likishazoea kasi (dakika moja hivi, vumilia) unaanza kusikia kuwa chini kumbe kumetulia kabisa, miguu inaweza kucheza polepole na mikono ikaenda mbio. Wale wanawake wa kwenye kigodoro wanajua hii siri toka zamani, wanacheza nusu ya kasi na wanaonekana hawana haraka na mtu. Kwenye hiyohiyo albamu Makaveli anaingia kuchana na hapo pumzi zinakata, hata wewe msikilizaji.

DJ Travella naye usimpite, albamu ya Mr Mixondo ya 2022, tafuta "Crazy Beat Music Umeme 2". Huyu vinanda vyake ni vitamu zaidi, vinameremeta, wengine wanaona kaenda mbali na mtaa, mi naona kaenda mbele tu. Kasoro yake moja, ukipiga nne mfululizo zinaanza kufanana.

Sasa hii inayofuata ndo nnayoipenda kuliko zote na watu wengi Bongo hawaijui. Otim Alpha wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, albamu inaitwa Gulu City Anthems, 2017. Waacholi wana ngoma yao ya harusi na uchumba inaitwa larakaraka, inataka kundi zima, wapigaji, waimbaji, wachezaji, na kundi zima ni hela ndefu. Otim na prodyuza Leo Palayeng wakaihamishia kwenye kompyuta, mdundo wa vibuyu wakaupanga kwenye programu, nyuzi za adungu, kile kinubi chao, zikawa kinanda, na sauti ikabaki vilevile kavu, ya mtu anayeimba uwanjani kwa watu waliokuja kula pilau na kuozesha binti. Anza na "Gang Ber Ki Dako". Hakuna mahali wamejaribu kuipendezesha kwa ajili ya klabu, kompyuta imechukua kazi ya wale wapigaji kumi na inaifanya kwa adabu. Mimi Kiacholi sijui hata salamu ila nikiweka hii nyumbani wageni wanaacha kuchat. Kumi kwa kumi, na mimi kumi sigawi ovyo.

Kinshasa kuna wazee wa kundi la Konono N°1. Marehemu Mawangu Mingiedi alichukua likembe, kile kinanda cha vidole, akakitengenezea maiki kwa sumaku za vipuri vya magari ili kisikike mtaani kwenye kelele, kikaanza kunguruma kama gitaa la roki bila yeye kulitafuta hilo. Muziki wenyewe ni wa Wazombo wa mpakani na Angola. Ngoma ni "Paradiso" kwenye albamu ya Congotronics, ni ndefu, haina korasi ya kuishika, kama wewe ni mtu wa korasi utachoka. Bjork, yule mwanamuziki wa Iceland, aliwaita kwenye wimbo wake "Earth Intruders" mwaka 2007, nzuri, ila ukishawasikia wenyewe ile ya Bjork inabaki kama tangazo tu. Kwa vijana wa mji huohuo kuna KOKOKO!, "Azo Toke", ala za chupa na makopo juu ya mashine, fupi, kali, weka asubuhi badala ya kahawa.

Nairobi. "Ha-He" ya kundi la Just A Band kila mtu anaikumbuka kwa video ya Makmende, yule shujaa wa kubuni, ya 2010, na hapo ndo wimbo wenyewe ulipoonewa, maana watu wote waliongelea yule jamaa na nywele zake za afro, besi hakuna aliyeisifia. Rudi uisikilize macho yakiwa yamefumba. Ni fanki ya kizamani kabisa imepigwa kwa sinthesaiza, maneno machache, besi inafanya mazungumzo yote.

"Mwaki" ya Zerb na Sofiya Nzau, 2023, najua mtanicheka kwa sababu hii imekaa karibu na lounji kuliko zote, na TikTok iliipiga mpaka ikachuja. Lakini angalia tofauti: mwimbaji jina lake lipo pale mbele, anaimba Kikuyu chake kwa mistari iliyokamilika, na yule DJ Mbrazili kajizuia, kamwachia nafasi. Ile remix ya Tiësto, DJ wa Uholanzi, sikuona kazi yake.

Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, "Machozi ya Huba", albamu ya 2020. Taarabu ya Unguja yenye elektroniki kidogo sana nyuma, mwangwi na besi ya chini. Hii sio ya kucheza, weka hedifoni.

Za mbali nakupa mbili tu. "Rose Rouge" ya St Germain, Mfaransa, mwaka 2000, jazi na house. Ngoma na besi zimekatwa kwenye rekodi ya Dave Brubeck, mpiga piano wa jazi, sauti ya mwanamke ni ya mwimbaji Marlena Shaw akiwa jukwaani, na mdundo wa house hauingii mpaka jazi imeshakaa kitini vizuri, afu tarumbeta na saksafoni zinapewa muda wa kujieleza mpaka zimalize. Prodyuza wa siku hizi angezikata sekunde ya nane.

Na "Yé ké yé ké" ya Mory Kanté wa Guinea, ile ya 1987, mpeni huyu mzee heshima yake, kora ya kigrioti, yaani kinubi cha waimbaji wa ukoo wa Afrika Magharibi, katikati ya sinthesaiza na tarumbeta, ikaongoza chati za Ulaya 1988. Ukitafuta utaletewa kwanza ile remix ya Hardfloor ya miaka ya 90, tekno ya Kijerumani, kora imebanwa kwenye kona inasikika kwa shida. Hiyo iweke saa tisa usiku watu wakiwa washachoka kubishana na DJ.